Nuru, Joto na Kichupa cha Maabara

Katika maabara kuna vyombo vinavyoheshimiwa na vyombo visivyotazamwa. Mizani hufunikwa kwa kitambaa, darubini hufungiwa kabatini, na mwanafunzi atakayeigusa bila ruhusa atakiona cha mtema kuni. Lakini kile kijumba kidogo cha chuma ambamo kichupa cha myeyusho husimamishwa ili nuru ipite katikati yake, hakuna anayekiuliza habari zake. Hudhaniwa kuwa kazi yake ni kukishika kichupa kisianguke tu. Mimi pia nilikuwa miongoni mwa waliokidharau, na adhabu yangu niliipata mapema.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo kimoja cha ualimu cha nyanda za juu, tulipewa jaribio ambalo msomaji huenda amelifanya au atalifanya: kutia mate katika wanga uliotiwa iodini, na kuhesabu dakika mpaka rangi ya buluu ipotee. Mate yana kimeng'enya, nacho huvunjavunja wanga kuwa sukari. Nilifanya jaribio langu asubuhi moja ya mwezi wa Julai, wakati ambapo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani ya chai. Mwenzangu alifanya lake alasiri, mezani karibu na dirisha lililoingiza jua. Wanga ulikuwa mmoja na mate yalikuwa ya kinywa kimoja, walakini rangi yake ilipotea mapema mno kuliko yangu. Tulibishana hata wakati wa chakula cha usiku, kila mmoja akimtuhumu mwenziwe kwa uzembe wa kuhesabu. Mwalimu wetu aliposikia shauri letu alituuliza swali moja tu: “Kipimajoto kilisema nini?” Hatukuwa na jibu, kwa kuwa hapana aliyekitumbukiza.

Swali hilo si la watoto wa shule peke yao. Wakuu wa elimu ya nuru na kemia waliishi muda mrefu bila ya kuulizana, na walipoanza kuulizana, majibu yao yaligongana hata katika vitanda vya wagonjwa.

Kupima kitu kwa nuru ni jambo la zamani. Mwaka 1729 Mfaransa Pierre Bouguer alionyesha kwamba nuru ipitayo katika kitu kiangavu hupungua kwa uwiano: tabaka la kwanza likila nusu ya nuru, tabaka la pili lenye unene ule ule halili nusu nyingine yote, bali hula nusu ya kile kilichobaki. Mwaka 1760 Johann Heinrich Lambert, mtoto wa mshonaji wa Mulhouse aliyejifunza mengi kwa juhudi zake mwenyewe, aliieleza kanuni hiyo kwa lugha ya hesabu. Kisha mwaka 1852 Mjerumani August Beer akaongeza kwamba wingi wa rangi iliyoyeyushwa katika maji hufanya kazi sawa na unene wa tabaka. Toka siku hiyo mtu aliweza kupitisha nuru katika kichupa, kupima kiasi kilichopotea, na kusema ni kiasi gani cha dutu kimo ndani bila ya kuionja wala kuipima kwa mizani. Katika kanuni hiyo mna unene wa kichupa, mna wingi wa dutu, mna na tabia ya dutu yenyewe ya kula nuru. Joto halikutajwa.

Kwa muda mrefu kutotajwa huko hakukuleta hasara kubwa. Rangi nyingi za kawaida hazibadiliki sana chumba kikipata joto kidogo, na macho yaliyotumiwa kulinganisha rangi yalikuwa na makosa makubwa kuliko yale ya joto. Kosa dogo hujificha nyuma ya kosa kubwa, na halionekani mpaka lile kubwa liondolewe.

Lile kubwa liliondolewa mwaka 1941, katika mji wa Pasadena, California. Kampuni ndogo ya Arnold Beckman, aliyekuwa amekwisha kupata sifa kwa kipimo chake cha uchachu, ilitoa mashine iliyoitwa DU, ambayo Howard Cary alikuwa mbele katika kuibuni. Mashine ya namna hii huitwa spektrofotometa. DU ilikuwa na prizimu ya kwatzi ya kuchambua nuru na kuichagua rangi moja, na ilikuwa na seli ya umeme mahali pa jicho la mwanadamu. Kwa sababu ya kwatzi iliweza pia kutumia miale ya urujuanimno, ambayo jicho halioni na kioo cha kawaida huizuia. Kazi ya kupima vitamini A katika mafuta, ambayo zamani iliwachosha watu kwa majaribio marefu ya kuwalisha panya, sasa ikawa ni ya dakika chache. Mashine hiyo iliendelea kutengenezwa hata mwaka 1976, na zaidi ya 30,000 ziliuzwa.

Ndani ya mashine mlikuwa na chumba cha giza chenye vichupa vya mraba vilivyopangwa katika kitoroli, vikisukumwa kimoja kimoja mbele ya nuru. Kila kichupa kilikuwa na upana wa sentimita moja kwa ndani. Jicho lenye makosa limeondoka, na seli ya umeme haichoki wala haina upendeleo. Hapo ndipo joto lilipojitokeza, kama jiwe linavyojitokeza ufukoni maji yakipwa.

Lilijitokeza kwanza kwa wale waliopima vimeng'enya. Mjerumani Otto Warburg alikuwa amekwisha kuonyesha katika miaka ya 1930 njia nzuri ya kuvichungulia vikiwa kazini. Kuna dutu iitwayo NADH, ambayo hula miale yenye urefu wa wimbi wa nanometa 340, na ikibadilishwa na kimeng'enya huacha kuila. Kwa hiyo mtu hukaa mbele ya mashine akitazama jinsi miale hiyo inavyozidi kupita, dakika baada ya dakika, na kwa kasi hiyo hujua kimeng'enya ni kingi au ni haba. Msomaji na aliangalie vizuri neno hilo, kasi. Mwenye kupima rangi iliyotulia anahesabu mali iliyomo ghalani, lakini mwenye kupima kimeng'enya hukisia idadi ya vibarua kwa kutazama shimo linavyochimbika. Na vibarua hawa, joto likizidi digrii 10, wengi wao hufanya kazi karibu maradufu.

Mwaka 1954 madaktari watatu wa New York, John LaDue, Felix Wróblewski na Arthur Karmen, walitangaza kwamba mtu aliyepatwa na shambulio la moyo hutokwa na kimeng'enya fulani kutoka katika nyama ya moyo iliyoumia, na kimeng'enya hicho huzidi katika damu yake. Mwaka uliofuata Karmen alieleza namna ya kukipima kwa spektrofotometa, kwa njia ile ile ya nanometa 340. Habari hiyo ilipokewa kwa furaha. Tangu hapo daktari mwenye shaka juu ya maumivu ya kifua aliweza kupeleka damu maabara na kuletewa tarakimu.

Lakini tarakimu gani? Damu ya mgonjwa mmoja ikipimwa kwa digrii 25 hutoa hesabu moja, na ikipimwa kwa digrii 37, ambalo ndilo joto la mwili, hutoa hesabu iliyo karibu maradufu. Tufikirie mgonjwa aliyepimwa katika mji mmoja na kuhamishiwa mji wa pili. Hesabu yake ikizidi, je, moyo wake umeumia upya, au maabara ya pili ina joto zaidi? Na ikiwa maabara haina joto lililowekwa, bali hufuata hali ya hewa kama jaribio langu la mate, basi hata katika mji ule ule mgonjwa wa asubuhi na mgonjwa wa alasiri hawawezi kulinganishwa. Hapa jambo linaacha kuwa mashindano ya wanafunzi wawili, kwa sababu uamuzi wa kumlaza mtu au kumrudisha nyumbani umetegemea kichupa.

Dawa yake ilikuwa nyepesi kuitaja. Chumba cha vichupa kilizungushiwa mabamba ya chuma yenye uwazi ndani, na katika uwazi huo yakapitishwa maji kwa mpira kutoka katika birika kubwa lenye kikanza cha umeme na pampu. Maji yakizunguka, chuma hupata joto la maji, na kichupa hupata joto la chuma. Ndivyo kishikio kilivyopata kazi yake ya pili. Walakini ukitaka kuona unyenyekevu wa kazi ya sayansi, tazama mambo madogo yaliyowasumbua wenye kutumia mabamba hayo. Maji hupoa njiani ndani ya mpira, hivyo joto la birika silo joto la kichupa. Chuma hupata joto upesi, lakini kwatzi na maji yaliyomo ndani yake huchelewa, na mtu mwenye haraka huanza kusoma kabla kichupa hakijafika. Birika la kikanza, tena, hupandisha tu: mtu wa Mombasa katika mwezi wa Machi, wakati chumba kimepita digrii 30, hawezi kulifanya litulie kwenye digrii 25 ila aongeze barafu au mashine ya kupooza. Na joto lenyewe hupenda kutembea hata likaifikia seli ya nuru, ambayo ikipata joto hutoa umeme wa uongo hata gizani, kwa hiyo ilibidi ikingwe.

Baada ya kuwezekana kuliweka joto, ilibaki kukubaliana liwe lipi. Mwaka 1961 tume ya kimataifa ya vimeng'enya ilipendekeza digrii 25. Mwaka 1964 pendekezo likabadilishwa kuwa digrii 30. Wajerumani walibaki na 25 yao katika hospitali, watu wa Skandinavia wakachagua 37, na kila upande ulikuwa na hoja. Wenye 37 walisema kazi huisha upesi nalo ni joto la mwanadamu. Wenye 25 walisema kimeng'enya hakichakai na kichupa hakichelewi kufika. Nionavyo mimi, hoja zote mbili zilikuwa nzuri, na ubaya ulikuwa katika wingi wa majibu kwa mgonjwa mmoja. Taratibu za rejea zilizotolewa na shirikisho la kimataifa la kemia ya hospitali mwaka 2002 zilishika digrii 37.

Hadi hapa joto limekuwa adui wa kufungwa kamba. Sasa nataka kusimulia jinsi lilivyofunguliwa na kuongozwa, kwani sehemu hii ndiyo inayonipendeza zaidi kuifundisha.

Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walieleza umbo la DNA, dutu ichukuayo urithi wa viumbe: nyuzi mbili ndefu zilizosokotana, zikishikana kwa jozi za herufi nne za kemia, A na T, G na C. Kamba mbili zilizosokotwa pamoja, kila mtoto aliyewahi kusuka ukindu anajua, zaweza kusokotolewa. Je, na hizi zaweza kuachana bila ya kukatika? Na zikiachana, zaweza kurudiana? Hakuna darubini ya siku hizo iliyoweza kuonyesha jambo hilo likitendeka. Nuru iliweza. DNA hula miale yenye urefu wa nanometa 260, lakini nyuzi zikiwa zimeshikana na herufi zake kupangana kama sahani kabatini, hula kidogo kuliko zikiwa zimeachana. Nyuzi zikiachana kabisa, ulaji huo huzidi kwa karibu asilimia 40. Hivyo mtu akiwa na spektrofotometa, na kishikio anachoweza kukipandisha joto polepole, ataona kuachana kwa nyuzi kama tarakimu inayopanda.

Katika chuo kikuu cha Harvard, Paul Doty na Julius Marmur pamoja na wenzao walifanya kazi hiyo. Walitumia mashine ya DU iliyozungushiwa joto. Joto lilipopandishwa hatua kwa hatua, tarakimu ilikaa kimya kwa muda mrefu, kisha katika nafasi ya digrii chache tu ikaruka juu, halafu ikatulia tena. Katikati ya mruko huo ndipo walipoita joto la kuyeyuka, ijapokuwa hapana barafu wala samli iliyoyeyuka, bali ni nyuzi zilizoachana.

Mwaka 1960 walitoa habari iliyoshangaza wengi. Marmur na Dorothy Lane walichukua DNA ya bakteria wa nimonia yenye urithi wa kustahimili dawa ya streptomaisini. Waliipasha joto hata nyuzi zikaachana. Sehemu moja waliipoza ghafula, nayo ikapoteza karibu nguvu yote ya kuwapa bakteria wengine urithi ule. Sehemu nyingine waliiacha ipoe polepole, na nguvu ikarudi kwa kiasi kikubwa. Kila uzi ulikuwa umemtafuta mwenziwe katika maji na kushikana naye herufi kwa herufi. Polepole ndio mwendo, wasemavyo wazee. Lakini wazee hawakujua kwamba methali yao ingeandikwa kwa digrii na dakika.

Mwaka 1962 Marmur na Doty walichapisha kanuni iliyotumiwa sana baadaye. Jozi za G na C hufanya DNA ishikane kwa nguvu kuliko jozi za A na T, kwa hiyo DNA yenye G na C nyingi huyeyuka kwa joto la juu. Katika maji ya chumvi ya kiasi walichokitumia, joto la kuyeyuka lilikuwa 69.3 kujumlisha 0.41 mara asilimia ya G na C. DNA ya bakteria E. coli, ambayo karibu nusu yake ni G na C, huyeyuka basi karibu na digrii 90. Msomaji anayependa hesabu na aigeuze kanuni hiyo ataona umuhimu wa kishikio: kosa la digrii moja katika kichupa huwa kosa la asilimia 2.4 katika habari ya kiumbe. Kipimajoto hakikuwa tena karani wa pembeni. Ndicho kilichotoa jibu.

Na jibu hilo lilivunja undugu uliodhaniwa. Wako bakteria wawili, Staphylococcus na Micrococcus, wote wa mviringo, wote wakipenda kukaa vikonyo vikonyo kama zabibu, na wataalamu waliwaweka karibu. Ilipopimwa DNA yao, ya kwanza ilikuwa na G na C kati ya asilimia 30 na 40, na ya pili kati ya 65 na 75. Tofauti ya kuyeyuka yapita digrii 10. Umbo lilisema ndugu, joto likasema la.

Hapa nina jambo la kuwaambia wasomaji wa nyumbani. DNA ya Micrococcus, kwa kanuni ile, huyeyuka karibu na digrii 99. Katika Nairobi, kwa sababu ya kuinuka kwa nchi, maji huchemka karibu na digrii 94 au 95, na katika Eldoret kabla ya hapo. Birika la maji matupu lingechemka na kumwaga mvuke kabla nyuzi hazijaachana. Mtu wa Mombasa mwenye shida ya kushuka hadi 25 na mtu wa Eldoret mwenye shida ya kupanda hadi 99 wangeweza kupeana pole kwa barua. Dawa yao ni kutia katika birika mchanganyiko wa maji na glikoli, ile itiwayo katika rejeta za magari, ambayo huchelewa kuchemka na pia huchelewa kuganda.

Birika na mipira yake havikudumu peke yao. Mfaransa Jean Peltier, aliyekuwa mtengeneza saa kabla ya kuacha biashara na kufuata sayansi, aliona mwaka 1834 kwamba umeme ukipita katika kiungo cha metali mbili, kiungo hicho hupata joto au baridi kulingana na upande unakotoka umeme. Mwaka 1838 Heinrich Lenz wa St. Petersburg alitia tone la maji juu ya kiungo cha bismuthi na antimoni, akaligandisha. Akageuza umeme, likayeyuka. Jambo hilo lilikaa zaidi ya miaka 100 kama mchezo wa darasani, kwa kuwa metali za kawaida hutoa baridi haba mno. Katika miaka ya 1950 ndipo ilipopatikana dutu ifaayo, mchanganyiko wa bismuthi na teluri, na baadaye vibamba vyake vikaingizwa chini ya vishikio vya spektrofotometa. Kibamba kimoja hupandisha na kushusha bila ya birika, bila ya mpira, na kwa kugeuza umeme tu. Sumaku ndogo huzungushwa ndani ya kichupa ili maji ya chini na ya juu yawe na joto moja.

Hata hivyo shida haikuisha, ila ilibadilika. Ukishusha kichupa hadi digrii 5 katika hewa yenye unyevu, ukungu hutanda juu ya kwatzi kama juu ya chupa ya soda, na mashine huandika kwamba dutu imeongezeka, kumbe ni umande. Hivyo hewa kavu hupulizwa ndani ya chumba. Ukipandisha, vipovu vya hewa hutoka katika maji na kukata nuru, kwa hiyo hewa hutolewa kwanza. Na kipimajoto kikitiwa ndani ya chuma badala ya ndani ya maji, hutoa habari za chuma.

Kishikio hicho kilipata jamaa. Kuanzia miaka ya 1980 ilienea njia ya kuzidisha DNA kwa kuipasha joto nyuzi ziachane, kuipoza zishikwe, na kurudia mara nyingi, katika bonge la chuma lenye matundu linaloendeshwa aghalabu kwa vibamba vya Peltier. Baadhi ya mashine hizo hupitisha nuru katika vichupa kila duru na kuhesabu mwangaza unaorudi. Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona tarehe 13 Machi 2020, mashine za namna hiyo ndizo zilizongojewa na watu waliokaa peke yao vyumbani wakisubiri majibu, na ndani ya kila mashine bonge la chuma lilikuwa likipanda karibu na digrii 95 na kushuka, likipanda na kushuka, mara 40 au zaidi kwa kila kundi la vichupa.